Unasoma Nini Sasa? Namna ya Kumpendekezea Mwenzako Kitabu cha Kiswahili



Kila muhula unapoanza, swali moja husikika katika varanda za idara yetu: "Unasoma kitabu gani siku hizi?" Mara nyingi jibu huwa ni jina la kitabu cha mtaala, na mazungumzo hukomea hapo. Mara moja moja mtu hujibu kwa furaha, "Ninasoma riwaya fulani, ni nzuri sana, isome." Jibu hili la pili linapendeza zaidi, lakini halimsaidii sana aliyeuliza. Ni nzuri kwa nani? Ina Kiswahili cha namna gani? Ataipata wapi? Makala hii inaeleza namna ya kumpendekezea mwenzako kitabu ili akisome kweli, na kwa nini jambo hili lina uzito kwetu sisi tunaojifunza na kufundisha Kiswahili nchini Uganda.

Kitabu cha kwanza kina uzito

Msomaji wa Tanga au Unguja akipewa kitabu kisichomfaa, hukiweka chini akachukua kingine. Amekulia katika Kiswahili, na kitabu kimoja hakiwezi kumfanya aikatie tamaa lugha yake. Hali ya mwanafunzi wa Kampala, Gulu au Mbarara ni tofauti. Kwa wengi wetu Kiswahili ni lugha ya tatu au ya nne. Tena ni lugha yenye historia nzito hapa kwetu. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, na katika nyumba nyingi lugha hii ilibaki ikihusishwa na askari na vitisho. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha ifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, sera inaweza kumweka mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya aipende lugha. Riwaya iliyomfikia mtu kwa wakati wake inaweza.

Ndiyo sababu kitabu cha kwanza ambacho mwanafunzi anakisoma kwa hiari yake kina uzito. Akianza na kitabu kigumu mno, hatasema kwamba kitabu kimemshinda. Atasema kwamba Kiswahili kimemshinda. Kuanzia hapo atategemea miongozo, yaani vile vijitabu vinavyoorodhesha wahusika, dhamira na tamathali za usemi. Mwongozo una kazi yake kwa mtu aliyekwisha kusoma kazi yenyewe. Lakini tunao wanafunzi wanaoweza kutaja dhamira tano za riwaya ambayo hawajapata kuifungua, na ambao siku ya siku wakitumwa kufundisha sekondari watawapa watoto kile tu walicho nacho: orodha.

Mambo manne ya kumwambia mwenzako

Pendekezo linalosaidia halihitaji kuwa refu. Linahitaji mambo manne.

Kwanza, eleza kiwango cha lugha. Usitosheke na kusema "ni kigumu" au "ni chepesi", kwa maana ugumu una aina zake. Lugha ya Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) imepangika na kueleweka, lakini ina maneno mengi ya dhana yenye asili ya Kiarabu, na mwanafunzi atahitaji kamusi. Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla ugumu unatoka kwingine: wahusika huzungumza kama watu wa Unguja wazungumzavyo barazani. Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi ni kitabu chembamba, na wengi hudanganywa na wembamba wake. Maneno yake yanaeleweka, lakini matukio hayafuatani kama katika hadithi ya kawaida, na msomaji huingia kama aliyeingia katika ndoto. Njia rahisi ya kupima ni hii: fungua kurasa mbili za katikati ya kitabu, uhesabu maneno uliyolazimika kuyatafuta katika kamusi. Mwambie mwenzako idadi hiyo. Itamfaa kuliko sifa kumi.

Pili, eleza habari yenyewe kwa ufupi bila kufichua mwisho. Sentensi mbili au tatu zatosha: ni nani, yuko wapi, ana tatizo gani. Kama kitabu kina mambo mazito, yataje pia. Anayempendekezea mwenzake Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi amweleze mapema kwamba ni habari ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, kwamba mambo ya ngono na kifo yanasemwa waziwazi humo, na kwamba kwa wakati fulani kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Mwingine atavutiwa na habari hiyo, mwingine ataamua kusubiri. Wote wawili watakuwa wametendewa haki.

Tatu, eleza ulikokwama na jinsi ulivyovuka. Jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi, labda kwa sababu ya kuona haya. Msomaji akijua kwamba wewe pia ulisumbuka katika sura ya pili, na kwamba kuanzia sura ya tatu mambo yalifunguka, hatakiacha kitabu katika sura ya pili. Ataona kwamba kusumbuka ni sehemu ya safari.

Nne, eleza kitabu kinakopatikana. Vitabu vingi vya Kiswahili vinachapishwa Dar es Salaam na Nairobi, na si kila duka la Kampala linaviagiza. Kumsifia mtu kitabu asichoweza kukipata ni kumwonjesha mchuzi bila kumpa ugali. Sema kama kimo maktabani, kama unayo nakala ya kuazimisha, au kama umekiona dukani na kwa bei gani.

Mjue msomaji wako kabla ya kutaja kitabu

Kabla ya mambo hayo manne kuna swali la kumuuliza mwenzako: wewe hupenda kusoma nini katika lugha nyingine? Kazi ya mwenye kupendekeza ni kuunganisha kile mtu anachokipenda tayari na kitabu cha Kiswahili kinachokaribiana nacho. Tutoe mifano.

Mwanafunzi anayetoka Acholi huenda anamfahamu Lawino tangu nyumbani. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alichapisha Song of Lawino kwa Kiingereza mwaka 1966, na matini ya Kiacholi ikatoka mwaka 1969. Paul Sozigwa aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino mwaka 1975. Lugha za Kilwo hazina ngeli za majina kama zile za Kibantu, kwa hiyo msomaji huyu ana mzigo ambao mwenzake anayezungumza Luganda au Runyankole hana. Akisoma malalamiko ya Lawino dhidi ya mumewe Ocol, maana anaijua tayari, na nguvu zake zote anaziweka katika lugha. Nakala zake ni za zamani, hivyo kitafutwe zaidi maktabani kuliko madukani.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyesoma Things Fall Apart shuleni anaweza kuanza na Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute iliyotoka mwaka 1973. Na anayefuatilia riwaya za Kiingereza aambiwe kwamba Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 2021, inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa mwaka 2022. Ni hadithi ya Yusuf, mvulana anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Wako wanaodharau tafsiri wakiona si fasihi ya Kiswahili halisi. Kwa anayejifunza lugha, tafsiri ya kitabu anachokijua ni daraja imara.

Rafiki anayesoma sheria apewe Kusadikika. Mhusika wake mkuu, Karama, anashtakiwa mbele ya mfalme wa nchi inayoelea angani kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia gerezani. Mwanasheria yeyote atataka kujua utetezi huo uliishaje, na hamu hiyo itamvusha penye msamiati mgumu.

Anayependa hadithi za upelelezi aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu, watu wana maelezo yao, na Bwana Msa na kiko chake ana maswali yake. Akiipenda, zipo nyingine za Bwana Msa zinazomngoja, zikiwemo Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Mwandishi mwenye mfululizo ni neema kwa mwanafunzi, maana msamiati na wahusika hurudi, na kitabu cha pili huwa chepesi kuliko cha kwanza.

Anayependa historia na siasa aambiwe habari za Adam Shafi. Kuli (1979) inahusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute (1999) inamfuata Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima, katika Unguja ya zama za mkoloni. Riwaya hii ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na kulinganisha filamu na kitabu ni mada nzuri ya mazungumzo.

Kuhusu Nagona na ndugu yake Mzingile (1991), viachiwe msomaji aliyekwisha kumaliza riwaya nne au tano na anayetaka kujua Kiswahili kinaweza kufika wapi. Kwa mtu huyo ni hazina. Kwa anayeanza, ni mlango uliofungwa.

Mfano wa pendekezo

Hivi ndivyo pendekezo fupi linavyoweza kuandikwa:

"Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili anazaliwa Tanga. Mama yake, mwimbaji wa taarabu, anafariki, naye anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Inamfaa aliyemaliza mwaka wa kwanza na anayependa hadithi za safari. Misemo na methali ni nyingi. Katika kurasa mbili nilitafuta maneno tisa. Nilikwama mwanzoni kwa sababu nilikuwa nasimama penye kila msemo. Nilipoamua kusoma sura nzima kwanza na kurudi kwenye kamusi baadaye, nilisonga mbele. Ninayo nakala, naazimisha kwa wiki mbili."

Pendekezo hili ni aya moja tu, na limeandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo lina faida mbili: anayelisoma amepata kitabu, na aliyeliandika amefanya zoezi la utungaji ambalo halitasahihishwa kwa kalamu nyekundu bali litasomwa na mtu anayelihitaji.

Tuanze vipi?

Tunapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mosi, sehemu moja ya ubao wa matangazo wa idara itengwe kwa mapendekezo ya namna hii, karatasi moja kwa kila kitabu, na kila atakayekisoma baadaye aongeze maoni yake chini. Wawili wakipingana, ni heri, kwa kuwa wa tatu atataka kusoma ili aamue. Pili, liwepo daftari la kuazimana lenye jina la kitabu, mwenye nacho, aliyekichukua na tarehe ya kukirudisha. Kitabu kimoja kinachozunguka kinaweza kusomwa na watu sita katika muhula mmoja. Tatu, tuache tabia ya kutoa fotokopi ya vitabu vizima ambavyo bado vinauzwa. Soko la vitabu vya Kiswahili Uganda ni dogo, na muuza vitabu akiona hakuna anayenunua, hataagiza tena.

Walimu nao wasibaki nyuma. Mwanafunzi akiona mhadhiri wake amebandika karatasi kuhusu riwaya anayoisoma sasa kwa kujifurahisha, atajua kwamba kusoma Kiswahili hakuishii kwenye mtihani.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya muhula huu kwisha, chagua kitabu kimoja ulichokipenda, mfikirie mtu mmoja unayemfahamu ambaye kingemfaa, kisha umwandikie aya moja. Tunawatakia nyote usomaji mwema.