Fahamu: Kwa nini Robin Hood wa Costner bado anazua ubishi

Filamu ya Robin Hood: Prince of Thieves ilitoka 1991, na watazamaji hawajamalizana nayo. Lawama nyingi humwangukia Kevin Costner: jambazi wa msitu wa Sherwood anayezungumza kama Mmarekani mtupu! Waingereza huicheka zaidi safari yake. Anashuka pwani ya kusini, anaahidi kufika kwa baba yake jioni hiyohiyo, mara tunamwona kwenye Ukuta wa Hadrian, kaskazini kabisa.

Kwangu, filamu ni ya Alan Rickman, liwali katili anayetishia kumng'oa mtu moyo kwa kijiko. Kijiko ni butu, kitauma zaidi. Alipata tuzo ya BAFTA. Costner aliambulia Razzie, tuzo ya kejeli ya uigizaji mbovu.