Poka: ufuate dau au utupe karata?

Mwenzako ameweka dau. Ukitaka kubaki mchezoni, unaweka kiasi sawa na chake. Ukiona hapana, unatupa karata zako na kuiacha fedha iliyo mezani. Wengi wanaocheza kwa mia mbili mia mbili, barazani au kwenye simu, hufuata tu kwa kuwa dau ni dogo. Hapo ndipo fedha inapovuja.

Tuchukue poka ya Texas Hold'em. Una kopa mbili mkononi. Mezani zimefunuliwa karata nne, mbili kati yake ni kopa, na imebaki moja kufunuliwa. Ikija kopa utakuwa na kopa tano, na huenda ukashinda. Kopa zote ni 13. Unaziona 4, zimebaki 9. Karata zote usizoziona ni 46. Kwa wastani, basi, katika mara 46 utapata 9 na kukosa 37.

Sasa mwenzako ameweka shilingi 200, na mezani jumla ni 600. Ukifuata mara 46, utashinda 600 mara 9, yaani 5,400. Utapoteza 200 mara 37, yaani 7,400. Tupa. Lakini mezani kukiwa na 1,000 na dau likawa lile lile 200, utapata 9,000 na kupoteza 7,400. Fuata. Karata hazikubadilika hata moja.

"Lakini nimeshaweka fedha zangu!" Si zako tena, msikilizaji. Zimo ndani ya ile 600, na tumeshazihesabu.

Hesabu zikikaribiana, mimi ningetupa. Mwingine anaweza kuwa na kopa kubwa kuliko zako, na kwenye simu mwenye mchezo hukata chake katika fedha ya mshindi. Tena kwenye dau dogo watu hupenda kufuata kuliko kutishia kwa karata mbovu. Aliyekuwa kimya muda wote akiweka dau kubwa mwishoni, mara nyingi anazo kweli.

Kama huamini, chukua karata 52, toa kopa nne na nyingine mbili zisizo kopa. Changanya zilizobaki, funua moja, irudishe, uchanganye tena. Fanya hivyo mara 46 ukihesabu kopa, na dau lako liwe punje za maharage.