Wa Pili Mara Mbili: Fabiano Joseph wa Babati na Jana Novotná wa Brno

Katika michezo ya mtu mmoja mmoja, yaani ile ambayo mchezaji husimama peke yake bila timu ya kumficha, nafasi ya pili ni cheo chenye utata, kwa kuwa aliyeipata amewashinda wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye ambaye jina lake huandikwa kwa wino mzito. Wanamichezo wawili wa zama zinazokaribiana, mmoja mzaliwa wa mji wa Brno katika nchi ya Cheki na mwingine mzaliwa wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania, walipita njia hiyo kwa namna inayofanana hadi kushangaza, kwani kila mmoja alifika mbele ya taji mara mbili akalikosa, kisha akalitwaa mara ya tatu. Wa kwanza, mcheza tenisi Jana Novotná, anakumbukwa na dunia. Wa pili, mwanariadha Fabiano Joseph, ametajwa kidogo mno hata na taifa aliloliletea ubingwa.

Novotná, aliyezaliwa mwaka 1968, alikuwa wa kundi la wachezaji ambao hawakungoja mpira nyuma ya uwanja, bali kila walipouanzisha waliukimbilia wavu ili kuupiga kabla haujagusa chini, mtindo unaotaka ujasiri na unaoadhibu vikali mkono ukitetemeka. Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 1993 dhidi ya Steffi Graf wa Ujerumani, aliongoza kwa gemu 4 kwa 1 katika seti ya tatu, yaani sehemu ya mwisho ya mchezo ambayo mshindi wake angetwaa kombe, na alikuwa amebakiwa na pointi moja tu kufikisha gemu 5 kwa 1. Alikosea pointi hiyo, gemu zote zilizobaki zikaenda kwa Graf, na wakati wa kupokea tuzo alilia begani mwa Duchess wa Kent, wa familia ya kifalme ya Uingereza, mbele ya kamera za dunia. Mwaka 1997 alirudi fainali akafungwa na Martina Hingis, na mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 29, akamshinda Nathalie Tauziat wa Ufaransa kwa 6–4, 7–6. Alistaafu mwaka uliofuata akiwa na mataji 17 ya mashindano makuu, ambayo 16 kati yake aliyapata akicheza na mwenzake upande mmoja, na alifariki dunia kwa saratani mwaka 2017.

Fabiano Joseph Naasi, ambaye kumbukumbu za riadha zinaeleza kuwa alizaliwa Babati mwezi Desemba 1985, hakuwa na wavu wala raketi. Mashindano yake yalikuwa nusu marathoni, mbio za barabarani za kilomita 21 na mita 97 na nusu, ambazo ni ndefu mno kwa mkimbiaji wa uwanjani anayetegemea kasi ya mwisho, na fupi mno kwa mkimbiaji wa marathoni aliyezoea kujipima polepole, hivyo anayezimudu lazima awe na nusu ya kila mmoja wao. Oktoba 2003, mjini Vilamoura, Ureno, akiwa bado hajatimiza miaka 18, alimaliza wa pili katika mashindano ya dunia ya mbio hizo, sekunde 3 nyuma ya Martin Lel wa Kenya, huku Mtanzania mwenzake Martin Sulle akishika nafasi ya tatu. Mkoa wake wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, ulikuwa wenyewe na umri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 2004, mjini New Delhi, Joseph alikuwa wa pili tena, safari hii nyuma ya Mkenya Paul Kirui.

Oktoba 1, 2005, mjini Edmonton, Canada, Joseph alimaliza wa kwanza kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8, akifuatwa kwa sekunde moja na Mubarak Hassan Shami wa Qatar, na wa tatu akawa Yonas Kifle wa Eritrea. Muda huo una maana ya kukimbia kila kilomita kwa takribani dakika 2 na sekunde 54. Kwa lugha ya uwanjani, ni kuzunguka mita 400 kwa sekunde zisizofika 70, kisha kuurudia mzunguko huo zaidi ya mara 52 bila kupumzika. Kwa mwendo huo, sekunde moja ni umbali wa chini ya mita 6, pungufu ya urefu wa Coaster inayopakia abiria pale stendi ya Babati. Shami, ikumbukwe, alizaliwa Kenya kwa jina la Richard Yatich kabla ya kuchukua uraia wa Qatar, jambo ambalo halikuwa geni katika michezo, kwa kuwa hata mcheza tenisi Martina Navratilova, mzaliwa wa Prague, aliihama Czechoslovakia na kuhamia Marekani mwaka 1975. Joseph yeye alishinda kwa jezi ya nchi aliyozaliwa.

Edmonton nao haukuwa mji mgeni kwa watu wa ukanda wa Manyara, maana ni huko huko ambako Gidamis Shahanga, mwana wa Hanang, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Wala medali za Joseph hazikuota jangwani: Faustin Baha alikuwa wa pili katika nusu marathoni ya dunia mwaka 2000 nyuma ya Paul Tergat, na John Yuda wa tatu mwaka 2001 na 2002, hivyo kwa miaka sita mfululizo Mtanzania alisimama kwenye jukwaa la washindi la mbio hizo.

Kwa nini basi kumbukumbu za hawa wawili zinatofautiana kiasi hicho? Sehemu ya jibu iko katika mpangilio wa michezo yenyewe. Tenisi huchezwa karibu mwaka mzima, ina orodha ya viwango inayotangazwa kila wiki, ina televisheni iliyoyahifadhi machozi ya mwaka 1993 na kicheko cha 1998, na ina Jumba la Heshima la kimataifa lililompokea Novotná mwaka 2005, mwaka ule ule wa ushindi wa Joseph. Nusu marathoni haimo katika Olimpiki, mashindano yake ya dunia yamebadilishwa jina na ratiba zaidi ya mara moja, na aliyeshinda leo hana wiki ijayo ya kuonekana tena. Lakini sehemu nyingine ya jibu ni uzembe wa kutunza habari zetu wenyewe, na huo hauwezi kusingiziwa televisheni ya mtu.

Hatari ya uzembe huo ilionekana Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 mbele ya Amanal Petros wa Ujerumani. Simbu ndiye Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, na heshima hiyo ni yake bila ubishi. Ila anayefupisha kauli hiyo na kusema kwamba Tanzania haikuwahi kuwa na bingwa wa dunia wa mbio ndefu atakuwa amekosea kwa miaka 20. Walimu wa michezo, watangazaji na waandaaji wa mbio mkoani Manyara, wanapowapanga vijana kwenye mstari wa kuanzia pale Uwanja wa Kwaraa, wawaambie jina la Fabiano Joseph na muda wake: saa 1, dakika 1, sekunde 8.