Usiihukumu Betri Kabla ya Kufunua Boneti

Na Mwandishi Wetu

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na vilele vya milima ya Upare vilikuwa bado vimejifunika ukungu. Katika ua wa nyumba moja hapa Ndungu, wilayani Same, gari dogo lilikuwa tayari kwa safari. Kiti cha nyuma alikwisha kuketi bibi wa miaka sabini na kitu, kanga mabegani, kadi ya kliniki ya shinikizo la damu mkononi. Alitakiwa awe hospitalini mjini Same kabla ya saa nne. Mwanawe, mfanyakazi wa kiwandani Dar es Salaam aliyekuja nyumbani kwa likizo, akazungusha ufunguo. Gari likajibu “tak”. Akazungusha tena. “Tak.” Taa za mbele ziliwaka vizuri na honi ililia, lakini injini haikutikisika.

“Betri imekufa,” akasema yule bwana, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameanza kuhesabu fedha kichwani. Betri mpya humega sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi, na alizokuwa nazo zilikuwa za ada ya watoto na za mafuta ya kurudia kazini. Mwandishi wa makala haya alikuwapo, kwa sababu alikuwa ameahidiwa lifti hadi Same. Bibi alisema neno moja tu: “Mwanangu, dawa zangu zilikwisha juzi.”

Aliitwa fundi wa jirani, mzee aliyeendesha matrekta ya mashamba ya mkonge enzi za ujana wake. Hakugusa ufunguo. Alifunua boneti, akatazama, akacheka kidogo. “Kijana, betri hii unaizika ingali hai.” Vichwa viwili vya betri, pale nyaya nene zinapofungwa, vilikuwa vimemea unga mnene, mweupe upande mmoja, wa kijani na buluu upande wa pili.

Ndugu msomaji, unga huo watu wengi huuona na kufunga boneti. Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikiwa na mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi ya salfuriki. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, na vyote pamoja hutoa karibu volti 12.6 betri inapokuwa imejaa. Umbo hili lina asili ya mbali: Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeunda betri ya risasi ya kwanza mwaka 1859. Betri inapochajiwa hutoa hewa, na hewa hiyo hubeba vitone vya asidi. Vitone vikitua juu ya risasi na shaba ya vibanio, asidi huanza kula. Risasi hutoa unga mweupe, na shaba hutoa ule wa kijani na buluu.

Kwa nini basi taa ziwake na injini ikatae? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, wakatupa betri nzima. Unga huo hupitisha umeme kwa shida. Taa mbili za mbele hutumia umeme wa ampia 9 hivi, ambao hupenya kwenye kijinjia chembamba bila kupungukiwa sana. Stata huhitaji ampia 150 au zaidi kwa mara moja. Tuseme unga umeweka kizuizi cha omu 0.02 tu. Kwa taa, zitapotea volti 0.2, na jicho halitatambua. Kwa stata zitapotea volti 3, na injini haizunguki. Ni sawa na mfereji wa mashamba ya mpunga uliozibwa na matope: ndoo moja utaipata, lakini jaruba zima halitajaa.

Mzee alitupa njia rahisi ya kupambanua. Mtu mmoja azungushe ufunguo, mwingine azitazame taa. Zikiwa kali tangu mwanzo, kisha zikazimika ghafla stata inapoitwa, shuku vibanio kwanza. Na ukigusa kibanio baada ya kujaribu mara kadhaa ukakikuta cha moto, umekwisha kupata jibu. Taa zikiwa hafifu tangu mwanzo, huenda betri yenyewe imeishiwa.

Kisha akaomba kitu ambacho hakikosekani katika jiko la Mpare: magadi. Hayo hayo yanayolainisha mahindi na maharage ya makande ndiyo dawa ya asidi. Alikoroga vijiko viwili katika kikombe cha maji ya vuguvugu. (Mama mwenye nyumba alitoa kikombe kilichovunjika mkono, akasema kisirudi jikoni. Alisema kweli, kwani unga ule una risasi, nayo ni sumu.)

Kabla ya kumwaga, alizima kila kitu na kulegeza waya wa hasi kwanza, kwa spana namba 10. Utaratibu huu si wa kubahatisha. Waya wa hasi umeunganishwa na bodi ya gari. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma cha bodi, umeme wote wa betri utapita katika spana hiyo, na cheche zinaweza kuwasha haidrojeni inayotoka kwenye betri. Kwa sababu hiyo pia, aliyekuwa anavuta sigara alifukuzwa. Wakati wa kurudisha, hasi hufungwa mwisho.

Aliziba vizuri vifuniko vya vyumba ili magadi yasiingie ndani na kuharibu asidi, kisha akamimina kidogo kidogo. Povu likachemka kama la sabuni. Lilipotulia, alisugua kwa mswaki wa zamani, akasuuza kwa maji safi, akakausha kwa kitambaa, akang’arisha vichwa na ndani ya vibanio kwa msasa hadi risasi ikametameta. Maji machafu aliyakinga katika karai, yasije yakafika mferejini. Ndungu ni nchi ya mpunga. Skimu yake ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wapo wanaomwagia soda ya chupa. Unga huondoka kiasi, lakini soda nayo ina asidi na sukari, na siku ya pili unakuta sisimizi na kunata. Mimi nisingeipoteza soda yangu hivyo. Asiye na magadi atumie maji ya moto.

Vibanio viliporudishwa na kukazwa, alipaka grisi juu yake. Grisi hupakwa mwisho, baada ya kukaza, ili kuzuia hewa na asidi. Vaselini ya mtoto nayo yafaa.

Lakini unga usiporudi ndiyo nafuu ya kweli, na hapo mzee alimkalipia kidogo mwenye gari. Betri haikuwa imefungwa. Ilikuwa inacheza katika kitako chake tangu Mkomazi, kupita Kihurio, hadi hapa. Mtikisiko hulegeza mashina ya vichwa na asidi hupenya. Tena vyumba vilikuwa vimejazwa hadi mdomoni. Maji yafunike mabamba tu, na yawe maji safi ya betri ya dukani, si ya kisima wala ya bomba, na asidi isiongezwe. Joto la tambarare hii hukausha maji upesi, kwa hiyo chungulia kila mwezi. Unga ukirudi baada ya wiki chache, mpelekee fundi apime chaji: injini ikiwaka, kipimo kikipita volti 14.8 hivi, altaneta inaichemsha betri.

Asidi ikimrukia mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Na betri iliyokufa kweli isipasuliwe nyumbani kwa ajili ya risasi ya kuvulia samaki. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, waliugua sumu ya risasi, wakiwamo watoto. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020. Irudishe dukani, kwani wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya.

Ufunguo ulizungushwa saa moja kasoro dakika kumi. Injini iliwaka mara ya kwanza. Mzee alikataa fedha, akaomba aletewe kilo moja ya misumari kutoka Same. Tulipita Maore, Gonja na Kisiwani, na saa tatu na nusu bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki, wa sita katika foleni.