Kumsaidia Kifaranga Kutoka Gandani: Lini na Vipi?

Kiswahili kina msamiati mpana wa kueleza safari ya yai. Kuku hutaga, huatamia, kisha huangua. Yai lililoharibika huitwa viza. Kitenzi 'angua' hutumika pia kwa matunda ya mtini, na embe likianguliwa kabla ya kukomaa haliivi vyema. Maana hizo mbili zinakutana katika suala linalowatatiza wafugaji wengi, hasa wanaotumia mashine za kuangulia mayai: je, kifaranga aliyetoboa ganda kisha akakwama asaidiwe? Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba msaada unawezekana, ila ukitolewa mapema huua.

Yai la kuku huchukua takriban siku 21. Chini ya ganda mna utando wenye mishipa ya damu inayofyonza oksijeni kupitia vitundu vidogo vya ganda lenyewe. Siku hizo zikikaribia kutimia, kifaranga hutoboa kwanza utando wa ndani na kuingiza mdomo katika nafasi ya hewa iliyo upande butu wa yai. Hapo mapafu yake huanza kazi, na sauti yake huweza kusikika. Kisha hutoboa ganda kwa kijino kigumu kilicho nchani mwa mdomo, ambacho huanguka siku chache baada ya kuanguliwa.

Baada ya tundu la kwanza, kifaranga hutulia kwa saa nyingi, aghalabu 12 hadi 24. Asiyejua hudhani anakufa. Kumbe kuna shughuli mbili zinazoendelea: damu ya mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichosalia kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili au tatu za kwanza. Anayebandua ganda wakati huu huikata mishipa, kifaranga akavuja damu, au humtoa kiini kikiwa kingali nje ya kitovu. Vifaranga wa aina hiyo ni nadra kupona.

Msaada wa kwanza, basi, ni maandalizi. Mayai hugeuzwa mara kadhaa kila siku hadi siku ya 18, kisha huachwa yatulie. Joto katika mashine yenye feni hudumishwa karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi, na unyevu wa hewa huongezwa hadi asilimia 65 au 70 katika siku tatu za mwisho. Kila mashine inapofunguliwa ili kuchungulia, unyevu hupotea, utando hukauka na kumnasa kifaranga mithili ya gundi. Kuku anayeatamia, kwa upande wake, habanduki kiotani vifaranga wanapoanza kulia. Huwaitikia kwa sauti ya chini, huku joto na unyevu vikisalia chini ya mbawa zake.

Hata hivyo, kungoja nako kuna mpaka. Iwapo saa 24 zimepita tangu tundu la kwanza bila hatua yoyote, na utando umekauka na kugeuka rangi ya kahawia, huenda kifaranga amenaswa. Mfugaji anawe mikono, kisha aulowanishe utando kwa pamba iliyochovywa katika maji vuguvugu, akiepuka mianzi ya pua. Utando uliolowa hudhihirisha mishipa. Damu ikionekana mishipani, yai lirudishwe mashinani kwa saa kadhaa. Isipoonekana, vipande vidogo vya ganda vibanduliwe kuzunguka upande butu tu. Tone la damu likitokea, kazi ikome papo hapo. Kifaranga asivutwe kamwe. Aachwe ajisukume kwa miguu yake, ili kiini kimalizike kuingia tumboni.

Wapo watakaokufa licha ya juhudi hizo, ama kwa sababu wana kasoro za mwili, ama kwa kuwa walilala vibaya yaini, kichwa kikawa mbali na nafasi ya hewa. Lakini kwa walio wazima, mwenye kuukagua utando kabla ya kuligusa ganda atawaokoa wengi ambao huruma ya haraka ingewaangamiza.