Wembamba wa Kipakatalishi na Bei Yake Isiyoandikwa

Kila msimu wa wanafunzi kuitwa vyuoni unapowadia, swali moja huturudia kutoka kwa kina mama wanaotusoma. Juma lililopita limetufikia tena, safari hii kutoka kwa mama ambaye bintiye ni wa kwanza katika nyumba yao kuingia chuo kikuu. Binti anataka kipakatalishi chembamba, laptopu nyepesi ya kutiwa mkobani pamoja na madaftari. Fundi wa mtaani, ambaye mama humwamini, amemshauri achukue ile nene iliyotumika, tena kwa bei ndogo zaidi. Fedha ni zile za chama, alizozichanga mwaka mzima, na hana nyingine. Amsikilize nani?

Jibu letu linaanzia mbali, San Francisco nchini Marekani, maana huko ndiko wembamba wa mashine hizi ulikogeuzwa kuwa fahari. Tarehe 15 Januari 2008 Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alisimama jukwaani, akachukua bahasha ya kaki kama zile za maofisini, akatoa ndani yake tarakilishi kamili. Iliitwa MacBook Air. Ukingo wake mwembamba ulikuwa wa milimita 4, na pale ilipokuwa nene kuliko kwingine haikufika sentimita 2. Uzito wake ulikuwa kama kilo 1.36. Skrini ilikuwa ya inchi 13.3 na kibodi ya ukubwa wa kawaida. Watu walipiga makofi, na hatuwalaumu. Vipakatalishi vyepesi vya wakati ule vingi vilipatikana kwa kupunguza skrini na kubana vitufe hata vidole vikagongana.

Wembamba huo ulipatikana kwa kuondoa vitu. Mahali pa kutilia santuri za CD na DVD paliondolewa, na aliyepahitaji aliuziwa kifaa cha kando kwa dola 99. Tundu la waya wa mtandao likaondolewa. Tundu la USB likabaki moja tu, limefichwa nyuma ya kijilango ubavuni, hivyo mwenye kutaka kuchomeka flashi na printa kwa wakati mmoja hakuwa na njia ila kununua kiungo kingine. Diski ilikuwa ndogo ya inchi 1.8, ya jamii ile iliyotiwa katika vichezeo vya muziki vya iPod, yenye gigabaiti 80 na mwendo wa pole. Mwenye kutaka ile ya kasi isiyozunguka alipata gigabaiti 64 tu, na bei ikapanda kutoka dola 1,799 hadi zaidi ya dola 3,000. Kampuni ya Intel nayo ilibidi ipunguze umbo la prosesa yake ili ienee katika nafasi ile.

Mambo mawili yaliyobaki ndiyo tunayoyaona makubwa zaidi, ingawa hayakupigiwa makofi wala kelele. Kumbukumbu ya gigabaiti 2 ililehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hivyo hakuna fundi ambaye angeweza kuiongeza baadaye. Na betri, ambayo katika laptopu za kawaida ilichomolewa kwa kusukuma kitasa cha chini, sasa ilifungiwa ndani, isifikike ila kwa kufungua skrubu za mgongo wote.

Je, wasanifu wale walikosea? Hatudhani hivyo. Walijua mashine wanamtengenezea nani. Ushahidi ni programu waliyoitoa pamoja nayo, iliyomwezesha mwenye Air kuazima sehemu ya santuri ya tarakilishi nyingine kwa njia ya mawimbi, bila waya. Ina maana kwamba, katika fikra zao, mnunuzi huyo alikuwa na tarakilishi nyingine mezani. Alikuwa msafiri wa viwanja vya ndege, mwenye ofisi, mwenye kubadilisha mashine kila baada ya miaka michache. Kwa mtu wa namna hiyo, kupunguziwa mzigo begani ni jambo lenye thamani, na tundu moja la USB halimkondeshi.

Sasa tuitazame nyumba ya mama aliyetuandikia. Laptopu hiyo itakuwa ndiyo pekee. Binti ataitumia miaka minne, kisha itarithiwa na mdogo wake, na baada ya hapo huenda ikaishia dukani kwa baba kuandikia hesabu. Kwetu kitu hupita mikono mingi kabla ya kuitwa kikuukuu. Katika maisha ya miaka saba au minane, betri itachoka angalau mara moja, kumbukumbu itaonekana haba programu zinapozidi kuwa nzito, na kitufe kimoja au viwili vitang'oka. Mambo hayo matatu ndiyo hasa ambayo wembamba huyafanya kuwa magumu au ghali.

Baada ya Air, karibu kila mtengenezaji alifuata. Mwaka 2011 Intel ilizindua jina la Ultrabook kwa ajili ya laptopu nyembamba za kampuni nyinginezo, na tangu hapo kumbukumbu ya kulehemu na betri ya kufungiwa ndani si habari tena. Ndiyo sababu hata katika maduka yetu ya bidhaa zilizotumika mtu hukuta mashine mbili za bei moja, moja yenye kufunguka na moja isiyofunguka, na muuzaji asiseme neno juu ya tofauti hiyo.

Kisa cha kibodi ndicho kinachotufundisha zaidi. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12, nyembamba kuliko Air, isiyo na feni, yenye uzito wa kilo 0.92. Ilikuwa na tundu moja la USB-C lililofanya kazi ya kuchaji na ya kila kitu kingine, kando ya tundu la vipokea sauti. Ili kuipunguza zaidi, kibodi yake ilisanifiwa upya kwa utaratibu ulioitwa kipepeo, ambamo kitufe hakishuki ila kidogo mno. Nafasi chini ya kitufe ikawa finyu hata chembe ya vumbi ikatosha kukikwamisha, au kukifanya kiandike herufi mara mbili. Tunaoishi karibu na mchanga wa pwani, wenye jiko la makaa uani na unga wa mahamri juu ya meza ile ile ya kusomea, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tena, katika zile MacBook Pro zilizotumia utaratibu huo, kibodi ilikuwa imeshikamana na kifuniko cha juu chenye betri iliyogundishwa, hivyo kitufe kimoja kibovu kingeweza kudai kubadilisha vyote. Juni 2018 kampuni ilianza kuzitengeneza kibodi hizo bila malipo, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi ya wateja wa Marekani. Kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kuirudia kibodi ya awali, kuanzia mashine ya inchi 16 ya Novemba 2019. Mwaka 2021 MacBook Pro mpya zikarudishiwa tundu la HDMI na la kadi za kamera, na ile ya inchi 16 ikawa nene na nzito kidogo kuliko iliyotangulia.

Nasi tuna kisa chetu, kidogo. Laptopu nyembamba tunayopangia kurasa hizi, ambayo chapa yake tutaiacha, ilianza mwaka jana kuinuka sehemu ya kupapasia kidole. Tulidhani ni unyevu. Kumbe betri iliyo chini yake ilikuwa imevimba. Fundi alitumia karibu asubuhi nzima kulegeza gundi kwa joto na uzi, huku akituomba tusimsemeshe. Toleo la juma hilo lilichelewa siku mbili. Yeyote atakayeona dalili hiyo nyumbani aache kuchaji papo hapo, asibonyeze wala kutoboa, aipeleke kwa fundi.

Hata hivyo haitakuwa insafu kusema kwamba wembamba ni hasara tupu. MacBook Air ya mwisho wa 2020, yenye prosesa ya M1 ya Apple yenyewe, haina feni kabisa, haitoi sauti, na hukaa na moto siku nzima ya masomo, jambo lenye faida kubwa pale ambapo umeme hukatika bila taarifa. Teknolojia ilizifikia ahadi za 2008. Lakini kumbukumbu na hifadhi yake haziongezeki, kwa hivyo kipimo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho mpaka mwisho.

Basi kwa mama yetu, tunasema fundi ana haki, kwa masharti. Ile nene ichukuliwe ikiwa mgongo wake unafunguka kwa skrubu za kawaida, na fundi amwoneshe kwa macho nafasi ya kuongeza kumbukumbu na ya kubadilisha diski. Aulize bei ya betri yake hapa mjini kabla ya kutoa fedha, wala asikubali kuambiwa kuwa itaagizwa. Afungue ukurasa mtupu, abonyeze kila kitufe, hata vile vya pembeni, aisikilize feni kwa nusu saa mashine ikiwa imewashwa. Na ikiwa binti atashika ile nyembamba asiiachie, wanunue yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 badala ya 8, ingawa itakuwa imetumika, na watenge kando fedha za kiungo cha matundu.

Katika barua yake mama aliuliza pia iwapo begi la mgongoni la kaka mtu, lililobaki tangu kidato cha nne, litaibeba ile nene pamoja na madaftari. Litaibeba.