Dume la rangi nzuri laweza kuleta hasara zizini

WAFANYABIASHARA wa mifugo wanaoteremka bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu, au wanaozunguka minada ya upande wa Hanang, wanajua kuwa rangi ya mnyama ina bei yake. Yupo mnunuzi anayetafuta kondoo mweusi asiye na doa kwa ajili ya tambiko. Yupo anayetaka mbuzi weupe watupu kwa kuwa mteja wake wa mjini ndio anaowapenda. Yupo pia mwekezaji mdogo, mara nyingi mtumishi mwenye shamba la pembeni, anayetaka kundi lake lote liwe la rangi moja ili lipendeze machoni.

Kwa mnyama wa kuchinjwa jambo hilo halina madhara. Nyama ya mweusi na ya mweupe hupimwa kwa mizani ile ile. Hasara huanza pale mnyama anaponunuliwa kwa ajili ya mbegu, na rangi ikawa ndiyo sababu kubwa ya kumlipia.

Somo hili linafahamika vizuri kwa mnyama ambaye wenye maghala ya mahindi hawapendi hata kumsikia: panya. Huko Uingereza na Marekani wapo watu wanaofuga panya kama wengine wanavyofuga njiwa, na huwashindanisha kwa rangi ya manyoya. Chama chao cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1976. Panya hubeba mimba kwa siku 22 hivi, kwa hiyo kosa la mfugaji huonekana upesi. Iligundulika kuwa baadhi ya koo zenye weupe mwingi, hasa usoni, huzaa watoto ambao matumbo yao huvimba, hushindwa kupata choo, na hufa wakiwa wadogo.

Sababu yake si uchawi. Chembe zinazotia rangi kwenye manyoya na zile zinazojenga mishipa ya fahamu ya utumbo huanzia mahali pamoja, mgongoni mwa kiumbe kingali tumboni mwa mama yake, kisha husafiri kwenda kwenye kazi zake. Vipo vinasaba vinavyoikatiza safari hiyo. Chembe zisipofika kwenye ngozi, manyoya hutoka meupe. Zisipofika kwenye utumbo, chakula hakisukumwi. Katika maabara wapo panya waliorithi hitilafu hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili: huzaliwa karibu weupe wote na hufa baada ya wiki chache tu. Hitilafu ya aina hiyo hiyo ipo kwa farasi wa mabaka wa Marekani, ambao ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe baadhi ya watoto huzaliwa weupe na hawamalizi wiki.

Weupe peke yake si ugonjwa. Wanyama wengi weupe ni wazima kabisa, kwa kuwa kilichowapa rangi hiyo ni kinasaba kingine. Tatizo ni kwamba kwa kumtazama tu mnunuzi hawezi kujua ni kipi.

HESABU YA NAMIBIA

Mfano unaomgusa zaidi mfanyabiashara ni ule wa kondoo wa Karakuli, walioingizwa Namibia mwaka 1907 kwa ajili ya ngozi za wanakondoo wao. Rangi ya kijivu ilipata soko, na mfugaji asiyejua angefikiri kuwa njia ya kupata kijivu kwa wingi ni kupandisha dume la kijivu kwa majike ya kijivu.

Hebu hesabu ifanywe. Katika kila wanakondoo 100 wa uzao huo, kwa wastani 25 huwa weusi, 50 huwa wa kijivu na wazima, na 25 hurithi kijivu kutoka kwa baba na mama. Hao wa mwisho hufa, wengi wao wakati wa kuanza kula majani, kwa kuwa matumbo yao hayana mishipa ya fahamu ya kutosha. Dume la kijivu likipandishwa kwa majike meusi, wanakondoo 100 hutoa 50 wa kijivu na 50 weusi, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Yaani kijivu kilicho hai ni kile kile, 50 kwa 50. Anayeng'ang'ania rangi moja hapati hata mmoja wa ziada, na robo ya uzao wake huenda shimoni.

Ngozi huchunwa mwanakondoo akiwa mchanga sana, kwa hiyo pigo humwangukia hasa anayebakiza wanakondoo ili akuze kundi. Maziwa yamekwisha kunywewa na mchungaji amekwisha kulipwa ndipo kifo kinapokuja. Karakuli weupe nao wana tatizo linalofanana.

UPANDE WA YAEDA

Hesabu hiyo si ya mifugo ya Yaeda Chini, na hakuna sababu ya mtu kuikimbia zebu ya Mbulu. Zebu wa Tanzania wana koo zinazotajwa kwa rangi zao tangu zamani: wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, na wale wa rangi ya kijivu iliyofifia wa Mkalama, jirani kabisa na bonde hilo. Wafugaji wa Kidatoga wana maneno ya rangi za ng'ombe ambayo Kiswahili hakiyafikii. Lakini makundi yao huchangamana malishoni na visimani, na ukame umekuwa ukichuja wanyonge kwa miaka mingi.

Hatari ipo kwa mwekezaji mwenye uzio, dume moja, na hamu ya rangi. Ili rangi isipotee huliacha dume lile lile lipande mabinti zake. Ndama wa uzao huo, katika kila sehemu nne za urithi wake, moja kwa wastani huwa jozi ya kitu kile kile kilichotoka kwa dume hilo. Kama lilificha hitilafu, hapo ndipo hujitokeza: ndama dhaifu, mitamba isiyoshika mimba, maziwa kupungua.

Upo pia mtego wa rangi kuchukuliwa kama lebo. Kondoo wa Dorper, mweupe mwenye kichwa cheusi, huvutia wanunuzi kwa ukubwa wake kuliko kondoo mwekundu wa Kimasai. Utafiti wa ILRI katika pwani ya Kenya, miaka ya 1990, ulionyesha kuwa wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, minyoo ikiwa sababu kubwa, na yule mwekundu akawa ndiye mwenye faida. Katika nyanda kavu tofauti ilikuwa ndogo. Yaeda ni kavu, ila mvua zikinyesha mbuga yake hujaa maji, na minyoo hupenda majani mabichi.

Kuhusu jua, kitu cha kutazama ni ngozi, si manyoya. Zebu mweupe mara nyingi ana ngozi nyeusi chini ya manyoya, naye hustahimili joto vizuri. Ng'ombe wa kigeni mwenye kope na pua za waridi huungua, na Hereford wenye nyuso nyeupe wanajulikana kwa saratani ya macho.

Panya nao wana mfano mwema, tena wa hapa nchini. APOPO, yenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, huzalisha panya buku wenye rangi yao ya asili na kuwapima kwa pua zao. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alinusa mabomu zaidi ya 100 huko Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020.

Anayenunua dume la mbegu katika minada hii ana haki ya kuuliza mama yake yuko wapi, alizaa mara ngapi, na ndama wangapi walifikia kuachishwa ziwa. Baada ya miaka miwili hivi, kabla mabinti hawajapevuka, dume hubadilishwa na la boma la mbali, wa Mbulu akichukua la Hanang na wa Hanang la Mbulu. Muuzaji asiyeweza kujibu lolote zaidi ya kusifu rangi alipwe bei ya nyama.